Nani Alilala na Lusekelo Johannesburg

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza mmoja mmoja, bombani, sokoni, hata kanisani wakati wa matangazo, na kila mmoja nimemjibu nusu. Siwafichi. Mnajua mimi si msemaji. Nikianza habari njiani, mtu anapita, ananisalimu, nami napoteza uzi. Kwa hiyo nimekaa nikaandika, kwa elimu yangu ya darasa la saba, mpate kusomeana. Mambo ya pasi na tiketi nayaacha, yanachosha.

Kwanza mwelewe nilitumwa nini. Mdogo wangu Lusekelo alifariki Johannesburg kwa homa ya mapafu. Habari ilitufikia kwa simu ya jirani yake, msusi mmoja Mkongo, na katika simu hiyohiyo alituambia kwamba amekwisha kuzikwa. Alikufa alfajiri, kesho yake mchana akawa ardhini. Waliomzika ni Wayahudi wa sinagogi moja huko. Sisi tulijua Lusekelo ni mlinzi wa lango la sinagogi hilo. Kwamba miaka ya mwisho aliliacha lango akaingia ndani, akawa mmoja wao, hilo alimwambia mama peke yake, na mama hakutuambia.

Mlikuwepo, mliona ule msiba usio na maiti. Baba mdogo alisema watu wanaozika haraka namna hiyo wana la kuficha. Mama hakusema hivyo. Alikuwa na swali moja, akalirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Nani alilala naye?" Kwetu maiti halazwi peke yake. Hata mtu aliyegombana na kijiji kizima hupata wa kumkesha. Mama akasema hatoki kwenye mkeka na matanga hayaanuliwi mpaka alijue hilo. Kama kuna watu waliolala naye, hao ni ndugu zake, abaki kwao. Kama aliachwa peke yake kama mzigo uliosahauliwa stendi, basi arudishwe nyumbani, hata ikiwa ni mifupa.

Nikatumwa mimi. Mama alisema, "Atupele hajui kudanganya. Akileta mabaya ni kweli, akileta mazuri ni kweli." Maneno hayo yalinikaa kifuani njia nzima kama chakula kisichoshuka.

Kutoka Uyole kuvuka Tunduma

Uyole nilipanda basi lililotoka Dar, nikapewa kiti karibu na mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma. Jina lake Shaibu, muuza vipuri wa Temeke. Kabla hatujafika Mbalizi alikuwa amenipa nusu ya chungwa lake.

"Dada, unakwenda Sauzi kuchukua mzigo gani?"

"Nakwenda msibani."

"Pole sana. Mnazika lini?"

"Wamekwisha kuzika."

Akaacha kutafuna. Nikamweleza kwa maneno machache. Nilipotaja Wayahudi, akanigeukia mwili mzima.

"Wayahudi? Wenyewe kabisa? Mimi nilidhani wako kwenye Biblia tu."

"Wewe Mwislamu umeisoma wapi Biblia?"

"Shule ya misheni, dada. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa maarifa ya Biblia. Padri alitaka kulia."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu ile simu, kisha nikaona vibaya kwamba nimecheka. Shaibu aliliona hilo, akawa mpole. Akasema hata kwao Waislamu mtu huzikwa upesi, na kuzika upesi si kuficha, ni kumheshimu. Nikamuuliza, kama amekufa jioni, nani analala naye? Akasema jamaa hukaa, husoma, humkesha. "Ila hao wenzetu," akasema, "sijui mambo yao. Nisikupe moyo wa uongo."

Nilimshukuru kwa hilo la mwisho, ingawa ndilo lililoninyima usingizi.

Zambia, mahali mkanda ulipokatika

Tulipopita Serenje mkanda wa injini ulikatika. Dereva alishuka, akautazama, akarudi na kutuambia kuna mtu anauleta mwingine kutoka Kapiri. Alisema anauleta, kana kwamba ungefika muda wowote. Tulikaa kando ya barabara tangu asubuhi mpaka kivuli cha basi kikahamia upande wa pili. Wengine walilala, wengine walimtukana dereva. Mimi nilikuwa nikimwona mama kwenye mkeka. Na huko mbele, yule msusi alikuwa ameniambia Wayahudi wananisubiri. Wananisubiri kwa nini? Hakujua.

Kando ya barabara wanawake walikuwa wakiuza uyoga, mkubwa hata mmoja ungeweza kujifunika kama mwavuli. Mama mmoja aliinuka, akanijia moja kwa moja, akapiga magoti kidogo, akapiga makofi ya taratibu, akasema, "Mwapoleni."

Nilisikia "poleni". Nikajiuliza huyu amejuaje? Nani amemwambia nimefiwa? Mimi niliyeshindwa kulia nyumbani, mpaka mkanisema, nilikaa chini kwenye kokoto nikalia mbele ya muuza uyoga. Naye maskini aliogopa, akanishika mabega, akaita wenzake. Shaibu ndiye aliyekuja kutueleza, nusu kwa Kiingereza nusu kwa mikono. Kwa Kibemba hiyo ni salamu tu. Ndivyo wanavyosema "hujambo".

Walipoelewa kwamba nimefiwa kweli, hawakucheka. Walinipikia uyoga kwa karanga, na ugali ambao huko huitwa nshima. Zimbabwe ukaitwa sadza, na Johannesburg ukaitwa papu. Ni ugali uleule, unabadilisha jina kila mpaka.

Mkanda ulifika. Haukuwa saizi yake. Ukaletwa mwingine.

Beitbridge

Zimbabwe niliiona kwa dirisha la basi tu, mawe makubwa yamepandiana kama yamepangwa na mtoto. Hofu yangu ilikuwa mbele, mpakani mwa Afrika Kusini. Shaibu alinifundisha: "Wakikuuliza, sema umekuja kununua nguo. Ukisema msiba wataanza maswali."

Lakini aliyeniuliza alinitazama machoni, mwanamke wa umri wangu aliyevaa sare, na mdomo ukasema msiba.

"Mazishi lini?"

Kiingereza changu ni kidogo, lakini hilo nililielewa. Nikasema amekwisha zikwa.

"Basi unakwenda kufanya nini?"

Nikatafuta maneno. Nikasema, nakwenda kuuliza. Akasema, kuuliza nani? Nikasema, sijui. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Shaibu alijishika kichwa. Yule mwanamke akaweka kalamu chini, akaniangalia. Mwisho akasema, "Eish, mama," akanisogezea pasi yangu kwa vidole viwili. "Hamba." Shaibu akanisukuma mgongoni: "Amesema nenda, dada, nenda kabla hajabadilisha mawazo!"

Park Station hadi Joubert Park

Shaibu aliniaga kituoni Johannesburg, akaniombea dua, akapotea na mabegi yake. Nilibaki nimeshika kibegi changu kwa mikono miwili, nikitazama kila uso. Niliogopa, sitaficha. Nyumbani mmesikia kama mimi nilivyosikia jinsi wageni wanavyofanywa huko siku mambo yakiharibika. Na wote walitembea kama wanaofukuzwa.

"Yaya wa Lusekelo?"

Alikuwa Mama Furaha, yule msusi, mfupi, wigi jekundu, mtu wa Lubumbashi, ambako dada mkubwa huitwa yaya. Nikafungua mdomo nimwamkie kwa heshima, akaniwahi.

"Usilie hapa, yaya. Utalia ku nyumba. Hapa bakikuona unalia banajua uko mugeni. Na usiongee Kiswahili kwa nguvu. Twende, tutapita kwa robot."

Nilimfuata nikitafuta huyo roboti, nikidhani nitaona mtu wa chuma, kumbe ni taa za barabarani. Tulikwenda kwa miguu hadi jengo lao la ghorofa, lifti imekufa zamani. Mlango wa Mama Furaha una makufuli matatu, na mlango wa Lusekelo, uliokuwa unatazamana nao, ulikwisha kuwa na watu wengine. Vitu vyake alinitunzia kwenye begi moja. Alinipikia sombe, ndiyo kisamvu chao, na samaki mkavu. Nikamuuliza swali langu hata kabla ya kunawa mikono.

"Yaya, siku ile batu ba sinagogi bakachukua mwili yake ku hospitali. Mimi nilikuwa ku saluni, nilijua mangaribi. Sijue nani alilala naye. Lakini kesho tutaenda. Banasema banakungojea ku nyumba ya mama moja, Killarney. Banataka kukaa na weye."

"Kukaa kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Killarney

Hapa ndipo palipoharibika.

Nyumba ya huyo mama, aitwaye Sheila, iko ghorofani pia, lakini ghorofa ya mazulia. Mlango ulikuwa umeachwa wazi. Mji mzima umejifungia kwa vyuma, na wao wameacha mlango wazi! Mama Furaha alinishika mkono. Tuliingia bila kubisha, kwa maana hapakuwa na pa kubisha. Ndani walikuwa wazee wengi na vijana wachache. Vioo vyote ukutani vilikuwa vimefunikwa mashuka. Mshumaa mmoja ulikuwa unawaka ndani ya bilauri. Hakuna aliyetusalimu.

Nasema kweli. Hakuna aliyesema hata habari za safari. Mama Sheila, mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizokatwa fupi, alinishika kiwiko, akanionyesha kiti kifupi sana, kama kigoda cha jikoni. Wao wote walikuwa kwenye viti vya kawaida. Mama Furaha akapewa kiti cha kawaida pia, akaninong'oneza toka juu:

"Banakuweka chini kama mutoto."

Nikaketi. Wakaniletea yai la kuchemsha limekwisha menywa, na mkate wa duara. Nikala yai, wote wakinitazama, na kila nilichomeza nilikisikia mimi mwenyewe. Kisha nikangoja.

Ninyi mnajua mfiwa hafungui maneno. Mfiwa hukaa, na anayekuja husema pole, kila mmoja kwa zamu yake, na mfiwa hujibu asante, tumeshapoa. Ndivyo nilivyofundishwa. Kwa hiyo nilingoja pole. Wakakaa. Nikakaa. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Mzee mmoja mdogo wa mwili, suruali imefungwa juu ya tumbo, alikuwa ananitazama kwa macho ya maji, midomo ikitikisika, lakini hakuna kilichotoka.

"Bo banangojea nini?" Mama Furaha akauliza chini chini.

"Labda rabi wao hajafika."

"Rabi njo ule." Akamwonyesha kwa kidevu mwanamke kijana aliyevaa suruali, kofia ndogo kichwani. Naye alikuwa amenyamaza, mikono mapajani.

Nikafikiri: hawa wana neno zito, na kila mmoja anamsubiri mwenzake alitoe. Mdogo wangu alikufa vibaya. Aliachwa mahali. Sikutaka kuwa wa kwanza kuuliza. Simu ya Mama Furaha ikaita kwa muziki wa dansi, akaikata, akaomba radhi. Hakuna aliyetabasamu. Wengine walikuwa wanafuta machozi. Nilisema moyoni kwamba anayelia mbele ya mfiwa bila kumpa pole, analia kwa kosa lake.

Nikainuka. Wote wakainuka. Nikatoka, na hadi nafika kwenye lifti hakuna aliyesema neno.

Nilimpigia baba mdogo nikamwambia nilichokiona, sikuongeza wala kupunguza. Akasema, "Mtu asiye na pole ana siri. Waambie unamtaka ndugu yako. Sisi huku tutaanza kuulizia gari la kumleta."

Ijumaa jioni

Ijumaa tulikwenda sinagogi kwenyewe, mimi na Mama Furaha, jua likielekea kuzama. Njia nzima nilikuwa nikijifundisha sentensi moja ya Kiingereza ya kusema kwamba namtaka ndugu yangu. Langoni, mlinzi mpya alituuliza tumekuja kwa nani. Nikasema, Lusekelo. Akavua kofia. Hilo lango ndilo alilosimama mdogo wangu miaka yote, na ukisimama hapo, nyimbo za ndani unazisikia vizuri kabisa. Nilizisikia mimi pia.

Tulipofika kwenye mlango wa ndani, Mama Sheila alitoka, akafunga mlango nyuma yake, akasema maneno kwa upole. Mama Furaha akageuka, wigi karibu limvuke.

"Anasema weye usiingie! Mimi naweza, weye ungoje hapa mupaka wimbo uishe. Jana banatunyamazia, leo banatufungia mulango! Yaya, twende."

Miguu ilitaka kwenda. Nilibaki kwa sababu nilikuwa sijasema sentensi yangu. Mama Furaha hakuniacha, alisimama nami akisonya. Ndani waliimba. Haukuwa wimbo wa msiba, ulikuwa kama wa kumpokea bibi harusi, beti baada ya beti, na mzee mmoja alikuwa na sauti kama ya mbuzi, hakujali. Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Nikachungulia.

Ghafla wote wakasimama, wakageuka, wakatazama mlango. Wakanitazama mimi. Wakainama, huku na huku, kushoto na kulia, wakiimba. Niligeuka nione ni mkubwa gani amekuja nyuma yangu. Palikuwa na stendi ya miavuli tu.

Wimbo ukaisha, mlango ukafunguliwa. Mama Sheila alinishika mkono akaniingiza, na wote walikuwa bado wamesimama kutazama upande wangu. Wakasema pamoja, wazee na watoto, rabi na yule wa sauti ya mbuzi, maneno ambayo hawakuyasoma popote. Sikuelewa hata moja. Lakini mwili ulielewa. Mama Furaha akamwuliza jirani, kisha akanitafsiria sikioni, sauti imebadilika:

"Banasema, Mahali pakupe faraja, weye na wafiwa wote ba Sayuni na Yerusalemu."

"Mahali gani?"

"Sijue. Mahali tu."

Nikakaa kiti cha kawaida katikati yao. Kitabu cha sala walinipa, nikakishika juu chini, mtoto wa kike akanigeuzia bila kunicheka. Sikujua chochote isipokuwa Haleluya. Karibu na mwisho rabi alitaja majina ya marehemu, na nikasikia "Lusekelo", wamelipinda kidogo, lakini ni yeye. Waliofiwa wakasimama, wakanionyesha nami nisimame. Walisema sala yao, na kila mahali watu wote walipoitikia amina, niliitikia. Hilo nalijua.

Meza ya mkate

Baadaye tuliingia chumba cha pili, kulikuwa na divai ndogondogo na mkate uliosukwa. Mama Furaha aliukagua kwa jicho la kazi yake. "Hii twende-kilioni ya nyuzi tatu. Nani alisuka? Ametengeneza muzuri." Walipotafsiriwa walicheka sana, na hapo ndipo ndimi zilipofunguka.

Rabi aliniambia jambo ambalo nalo nililisikia kwa kinywa cha Mama Furaha, polepole. Kwao, anayekuja kumfariji mfiwa haruhusiwi kufungua mdomo. Anakaa anyamaze, mpaka mfiwa mwenyewe aseme neno la kwanza. Ndipo na yeye aseme. Kumsemesha kabla hajawa tayari ni kumkosea, na kile kiti kifupi ndicho kiti cha mfiwa. Na mfiwa haingii kwenye wimbo wa furaha wa kuipokea Sabato, ambayo mwishoni huigeukia mlangoni na kuiinamia kama bibi harusi. Hungoja nje, kisha wote humpokea mlangoni.

"Tulikusubiri wewe useme," Mama Sheila akasema.

"Mimi niliwasubiri ninyi," nikasema.

Yule mzee mdogo wa macho ya maji, wanamwita Lenny, fundi saa wa zamani kule Marshalltown, akasema, "Tungekaa hivyo mpaka Masihi aje."

Kisha wakanieleza kwa nini walinisubiri. Mtu aliyeingia dini yao kama Lusekelo, kwa sheria hana ndugu upande wao wa kumkalia matanga. Waliona aibu. Wakasema ana dada, tumngoje dada.

Nikaona nikikawia tena nitanyamaza tena. Nikamwambia Mama Furaha aulize swali la mama kama lilivyo. Akauliza kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya saluni: nani alilala na Lusekelo?

Chumba kizima kikapoa. Rabi akatazama bilauri yake. Mama Sheila akawa mwekundu mpaka shingoni, akasema kitu haraka. Mama Furaha akabaki mdomo wazi, kisha akajipiga paja.

"Aka! Hapana vile! Yaya, anasema mambo ya Lusekelo ya kitandani bo hawakuchunguza, alikuwa mutu wa heshima!"

Nilitamani sakafu ipasuke. Mama Furaha akaanza kueleza upya, maiti, usiku, kukesha, akionyesha kwa mikono mtu aliyelala na mtu aliyekaa. Wengine walikuwa wameanza kucheka. Lenny hakucheka. Aliweka mkate wake chini.

"Mimi," akasema. "Nilikaa mimi."

Akaeleza. Hospitali ilimpigia asubuhi, kwa maana Lusekelo alikuwa ameandikisha jina la Lenny kuwa ndiye wa kupigiwa. Walipofika yeye na rabi, alikuwa amekwisha funikwa. Tangu hapo hakuachwa. Watu wao walimwosha kwa maji, wakimwomba radhi kwa jina lake, wakamvika nguo nyeupe za kitani. Lenny alikaa naye usiku kucha akisoma zaburi, mpaka asubuhi walipokuja kumchukua. Ndiyo desturi, hakuna maiti yao inayoachwa peke yake kabla ya kaburi. "Nilisinzia mara mbili," akasema. "Labda tatu. Nilipoamka nilirudia pale nilipoishia."

"Na kabla hamjafika hospitali?" nikauliza. "Alipokata roho?"

Lenny aliangalia mikono yake. "Sijui," akasema. "Hakuna aliyejua. Nesi alimkuta."

Ile sentensi yangu ya Kiingereza sikuisema. Lakini pia sikuwa nimepata jibu lote.

Njia ya kurudi

Jumapili Lenny, Mama Sheila na rabi walinipeleka makaburini, pamoja na Mama Furaha. Kaburi lake halina jiwe bado, desturi yao huliweka baadaye, lakini lilikuwa na kokoto juu, moja kwa kila aliyepita. Niliweka yangu. Nikamuuliza rabi kwa nini siku ile walisema Mahali. Akasema ni jina mojawapo la Mungu, kwa kuwa yeye ndiye mahali pa kila kitu. Nililiweka moyoni, ingawa sikujua nifanye nalo nini.

Park Station Mama Furaha alinifungia maandazi kwenye gazeti, akanishauri kama ndugu.

"Yaya, ile ya hospitali usimuambie mama. Sema muzee alikuwepo. Ni kweli, alikuwepo. Ile ingine itamuua."

Nilirudi na hilo, wenzangu, Beitbridge, Harare, Lusaka. Safari hii basi halikuharibika, na nilitamani liharibike. Kila kituo nilijaribu kuisimulia habari bila hospitali, na ilikuwa nzuri, na kila mara ilifika mwisho kabla ya wakati wake, kama shuka fupi. Baba mdogo alikuwa ananipigia, namwambia nitasema nikifika. Nilijua nikisema "alikufa peke yake" mbele yake, gari litatafutwa, na Lenny atakuja kuona wanamfukua mtu aliyemkesha.

Kwenye mkeka

Wengine wenu mlikuwepo pale ndani nilipoingia, lakini mlikuwa karibu na mlango, na mama alisema kwa sauti ndogo. Nawaambia alivyosema.

Nilikaa chini mbele yake. Hakuniuliza habari za safari. Akauliza, "Nani alilala naye?"

Nikamwambia yote. Maji, kitani nyeupe, mzee Lenny na zaburi zake. Kisha nikamwambia na la hospitali, kwamba alipokata roho hapakuwa na mtu, nesi alimkuta. Baba mdogo akapiga kofi gotini.

"Si nilisema! Alikufa peke yake kama mbwa. Arudishwe."

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Mimi sikuuliza nani alikufa naye. Kufa kila mtu anakufa peke yake. Hata baba yao alikufa mimi nikiwa jikoni, nimeinamia sufuria. Niliuliza nani alilala naye." Akanigeukia. "Huyo mzee. Alisinzia?"

"Alisinzia. Mara mbili au tatu, alisema mwenyewe."

"Basi alikaa kweli. Anayekuambia hakusinzia, huyo hakuwepo." Akavuta uzi uliotoka kwenye kanga yake. "Ana watoto?"

"Wawili. Wako Australia."

"Na yeye, siku yake, nani atalala naye?"

"Sikuuliza, mama."

"Ungeuliza." Akanyosha mkono. "Mpigie kesho umuulize. Sasa nishike hapa, miguu imekufa ganzi, nataka kusimama."